Ukurasa Mweupe wa Fundi Baiskeli

Punda wa babu yangu hakupenda kushuka. Kupanda alipanda vizuri tu, hata ukimtwisha magunia mawili ya ulezi, lakini mkifika pale nchi ya juu ya Ufipa inapokatika na bonde la Rukwa linatokea chini, alisimama. Alikaza miguu yote minne kama nguzo za zizi, akatazama mbele, basi. Tulikuwa tunakwenda Muze, babu na mimi, kubadilisha ulezi kwa samaki. Nilikuwa na miaka labda tisa, labda kumi na mmoja. Mama alihesabu umri wangu kwa mwaka wa nzige, na nzige wenyewe walikuja mara mbili.

Mtu mwingine angempiga. Babu alichuchumaa mbele ya yule punda, akapiga makofi polepole, viganja amevikunja kidogo ili vitoe ile sauti nzito, akamsalimia namna tunavyosalimia watu wa heshima huku kwetu. Akamuuliza ameamkaje, wa kwao hawajambo, njia ilikuwaje, miguu haijambo. Kila baada ya swali alinyamaza kidogo kana kwamba anajibiwa. Mimi nilishika kamba huku nimeficha uso kwa aibu, maana kulikuwa na wanawake wanapita na vikapu vyao. Punda alipokwisha kusalimiwa, akashuka. Sisemi kwamba alielewa. Nasema alishuka.

Tuliporudi, babu alisema tukate njia ya porini ili punda ale majani, na huko ndiko nilikoliona tanuru la kwanza la chuma. Nilidhani ni kichuguu. Lilikuwa refu kuliko watu wawili waliobebana, la udongo mwekundu, juu wazi, chini lina matundu kulizunguka, na nyasi zimeota kwenye nyufa. Babu akasema, hili lilikuwa letu. Akakaa chini akaanza kusimulia, na jua likahama kutoka bega moja hadi jingine yeye bado anasimulia. Tulifika nyumbani samaki wameanza kunuka.

Watu huniambia nikiulizwa habari za matanuru naanzia mbali. Mke wangu huniambia kila siku. Lakini mimi nilipokea hivyo, kwa punda na kwa samaki, na sijui namna ya kulitoa neno la babu bila kuanza na punda. Shule nilisoma hadi darasa la tatu, la nne nililiona dirishani. Haya ya matanuru ndiyo elimu niliyonayo.

Sasa, miaka ya karibuni wageni wakaanza kuja kuyatazama. Wanafunzi wa vyuo, Wazungu wachache, watu wa Dar es Salaam wenye kofia kubwa wanaotetemeka na baridi yetu ya Julai. Walifika stendi ya Sumbawanga wakauliza, na watu wakawaambia, mtafuteni yule mzee mwenye koti. Ndiye mimi. Niliwapeleka, nikawasimulia, jioni nikawarudisha. Nililima mahindi yangu na ulezi wangu kama kila mtu wa parokia yetu, lakini kwenye matanuru nilikuwa peke yangu, na sitadanganya, nilipenda kuwa peke yangu.

Fundi baiskeli alitoka Namanyere akafungua kibanda karibu na stendi. Ni mdogo kwangu kwa miaka kama kumi hivi, mfupi, mpole, anaongea kama mtu aliyetumwa na maneno machache akaambiwa asiyapoteze njiani. Aliniomba anisindikize porini. Nikakubali, maana njia ni ndefu na madumu ya maji ni mazito. Misimu miwili ya kiangazi tulitembea pamoja. Mimi nilisimulia, yeye alisikiliza. Akawa anawajua wageni, nao wanamjua. Mwaka wa tatu nikaugua mguu, akawapeleka yeye. Mguu ulipopona, hakuacha.

Nilimsalimia kama kawaida na nikampelekea baiskeli yangu kama kawaida. Lakini kila nikimwona anaondoka na wageni, niliwahesabu mmoja mmoja.

Nina mjukuu, mtoto wa binti yangu wa pili, anafanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi pale mjini. Mimi humwita mke wangu, kwa utani. Yeye huniita mume wangu nikimletea mahindi ya kuchoma, na babu nikienda mikono mitupu. Siku moja nilikwenda na mahindi, nikamlalamikia kwamba wageni hawaniulizi tena.

“Mume wangu, siku hizi hawaulizi stendi,” akasema. “Wanauliza kwenye simu. Mtu anapanda basi ameshachagua atakayempeleka. Ngoja nikutengenezee ukurasa wako kwenye mtandao.”

Akanieleza ni kitu gani. Nikaelewa kwamba ni kama mlango wa nyumba yangu, ila mtu anaufikia akiwa kwake. Basi nikavuta kiti.

“Kwanza salamu,” nikamwambia.

“Sawa. ‘Karibuni sana.’”

“Hiyo ni salamu ya kumwambia mbwa. Mtu hanijui simjui, amefika mlangoni kwangu, nianze kumwambia habari za tanuru kabla sijajua kaamkaje? Muulize ameamkaje. Halafu nyumbani. Halafu wazee. Halafu safari. Halafu mvua ya kwao.”

“Zote hizo?”

“Na usizirundike. Salamu moja, unangoja, anajibu, ndipo ya pili.”

Akacheka mpaka mwenye duka akageuka. Lakini alizifanya. Mtu akifungua anakuta salamu ya kwanza, chini yake kitufe kimeandikwa Hatujambo. Akikibonyeza inakuja ya pili. Zilikuwa tano.

“Na kama nyumbani kwao kuna mgonjwa?” akaniuliza kwa dhihaka.

Nikafikiri. “Weka kitufe cha mgonjwa.”

Hakukiweka, na mpaka leo naona alikosea. Baada ya salamu nikataka picha yangu nimevaa koti, picha yangu nikiwa shambani, picha ya mke wangu na kinu, picha ya kile cheti nilichopewa na wanakwaya. Nikataka rangi ya kijani kwa ajili ya nchi yetu, nyekundu kwa ajili ya chuma, na njano kwa sababu njano ilikuwepo. Hadithi ya babu yote, tangu punda. Maua yazunguke pembeni. Na ukifungua tu, ngoma ilie.

“Babu,” akasema, na hapo nikajua mahindi yamekwisha, “mtu akifungua yuko ofisini, ngoma italia mbele ya bosi wake.”

“Ajue amefika.”

“Mimi ningeacha salamu moja na picha moja tu ya tanuru.”

“Wewe ungeacha. Mimi ndiye mwenye tanuru.”

Tulimaliza siku ya tatu. Niliuona ulivyong'aa kwenye kompyuta ile nikahisi nimejenga kanisa. Nikarudi nyumbani nikangoja.

Wakapiga simu watu wawili. Mmoja alikosea namba. Wa pili aliniuliza kama natibu kisukari.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda dukani nikamkuta fundi baiskeli amekaa kwenye benchi, kofia ameiweka gotini. Akasimama. “Shikamoo, kaka.” Nikaitikia. Mjukuu wangu alikuwa anamalizia kitu kwenye kompyuta, akakwepa macho yangu. Nikasogea nikatazama.

Ukurasa ulikuwa mweupe. Mweupe kabisa, kama shuka la Jumapili. Katikati picha moja, tanuru asubuhi, ukungu umelishika kiunoni, nyasi zimelala kwa umande, hakuna mtu. Chini yake mistari minne. Tanuru la kale la kuyeyushia chuma, Ufipa. Mwendo wa saa mbili kwa miguu. Njoo na viatu vizuri na sweta. Nitakungoja stendi. Halafu namba yake. Basi.

Nitasema ukweli maana sina sababu ya kuficha kwa umri huu: nilitazama ile picha nikatamani kwenda. Mimi, niliyezaliwa upande wa pili wa kilima kile, nilitamani mtu anipeleke.

“Mbona umeliacha shamba bila mbegu?” nikamwambia mjukuu.

“Alitaka hivyo. Alisema mengine watayaona wenyewe wakifika.”

Fundi akaaga, akaenda kwenye spoku zake. Mimi nikabaki.

“Umemfanyia mzuri kuliko wangu,” nikasema.

“Babu, wako nilifanya ulivyoniambia.”

“Wangu una vitu vingi zaidi.”

Akavuta kiti chake karibu, akaniambia taratibu, namna unavyomwambia mtu habari ya msiba. “Sikiliza. Mtu aliyeko Dar hakujui wewe, hamjui huyu. Hana cha kumpimia mtu ila jicho. Akiona kitu kimoja kizuri, kimetulia, anasema huyu hana haja ya kunivuta. Akiona maua yanazunguka na rangi zinagombana, anajiuliza, huyu anaficha nini nyuma ya maua? Na halafu sisi ni Sumbawanga, babu. Unajua wanavyotusema huko nje kwa uchawi. Mtu anafungua simu, ngoma inalia, mzee mwenye koti anamuuliza habari za nyumbani kwao, tena anamuuliza mmoja mmoja. Unadhani atakuja huyo, au atatafuta wa kumwombea?”

Nilikasirika. Lakini njiani nilimkumbuka mama mmoja pale sokoni anayeuza maharage. Wenzake hupanga aina saba, makopo, na vikapu vimefungwa utepe. Yeye hutandika gunia moja safi, akaweka maharage ya aina moja, ameyapepeta hakuna jiwe, akakaa kimya. Mkono wako unakwenda kwake wenyewe. Nilinunua kwake miaka mingi na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Maharage ya jirani yake huenda ni matamu vilevile. Hatukuwahi kuyapika tukajua.

Hilo halikunipunguzia kitu. Lilinizidishia. Ingekuwa ukurasa wa fundi ni wa uongo ningelala vizuri. Nikaanza kuutafuta uongo wake. Nilikwenda stendi nikaazima saa ya mkononi ya mkatisha tiketi, nikatembea hadi kwenye tanuru kwa mguu wangu huu uliougua, nihakikishe kama kweli ni saa mbili. Ilikuwa saa mbili kasoro kidogo. Nikatazama kama ukungu unalishika tanuru kiunoni asubuhi. Unalishika. Nikaenda stendi asubuhi ya wageni wake nione kama anawangoja. Alikuwepo tangu alfajiri, amekalia dumu.

Basi nikaanza kwenda dukani kila baada ya siku mbili, kuutazama. Simu yangu ni ya vitufe, haiwezi. Nilijifanya nimepita tu.

“Umwekee hata ua moja pembeni,” nikamwambia mjukuu siku moja.

“Babu, huo ni wivu.”

“Ni ua.”

“Ni wivu wenye majani.”

Nyumbani mke wangu naye hakunionea huruma. Alikuwa anapepeta ulezi mlangoni, akaniona narudi. “Umetoka kumtazama mwenzako?” akasema. “Wakati wa uchumba hukunitazama hivyo. Mzee mzima unamwonea wivu fundi baiskeli.”

“Simwonei. Tanuru ni la babu yangu.”

“Na yeye kasema la babu yake?”

Hajasema. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, hakusema chochote ambacho ningeweza kukishika.

Halafu mjukuu akaropoka jambo ambalo nadhani alitaka kulinyamazia. Kuna mwalimu wa chuo, mwanamke, anatoka Mbeya na wenzake watano. Wanataka kuandika kitabu kidogo cha matanuru ya Ufipa kwa ajili ya shule, na watakuwa wanaleta wanafunzi kila kiangazi. Watakayoyasikia siku ile ndiyo watakayoyaandika. Wamemwandikia fundi.

Sikula siku hiyo. Wageni wa kofia kubwa wanapita, wanasahau. Kitabu ni kitu kingine. Watoto wa shule, wale wanaosoma darasa la nne wakiwa ndani na si dirishani, watasoma neno la babu yangu, na juu yake patakuwa na jina la mtu wa Namanyere aliyelipata kwa kunibebea maji. Nilitaka litoke kinywani mwangu. Sikutaka kingine, na nilikitaka hicho kuliko nilivyotaka mguu wangu upone.

Na nilikuwa na la kumshindia. Misimu ile miwili nilimfundisha fundi kila kitu isipokuwa kimoja. Chini ya sakafu ya tanuru, kabla ya kuwasha, wazee walizika kitu, na mwenye kukijua alikuwa mwenye tanuru na aliyemrithi. Babu aliniambia mimi. Nilimnyima fundi kwa makusudi, tangu mwanzo, nilipokuwa bado nampenda. Nikasema nitamuuliza mbele ya wageni, ashindwe, na waone ni nani wa kumwamini.

Siku yenyewe nilivaa koti nikakata njia ya mkato, nikafika kabla yao. Asubuhi ilikuwa na upepo. Nikawaona wanakuja katikati ya nyasi, fundi mbele, hasemi kitu, na wale nyuma yake wametulia kama wanaofuata msalaba siku ya maandamano. Hiyo nayo iliniuma. Mimi wageni wangu walikuwa wanaulizana lini tutafika.

Nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikawasalimia. Mwalimu akachuchumaa naye, akajaribu kuitikia kwa makofi, vibaya lakini kwa moyo. “Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mmeamkaje. Nyumbani hawajambo.”

Akanitazama vizuri, kisha akatabasamu. “Kumbe ni wewe, mzee. Tuliufungua ukurasa wako tukiwa kwenye basi. Ngoma ikalia, dereva akasimamisha gari akidhani ni tairi.”

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, maana ungefanyaje. “Mbona hamkunipigia?”

“Nisamehe, mzee. Tulifika salamu ya tatu, mwenzangu huyu akasema tuufunge, huenda tunasajiliwa mahali.”

Fundi alikuwa amesimama pembeni, ameshika dumu. Nikamgeukia. “Mwenyeji wa wageni,” nikasema kwa sauti ili wote wasikie, “hebu waambie. Chini ya sakafu ya tanuru hili palizikwa nini?”

Nilisubiri aanze kubabaisha. Mtu anayebabaisha ninamjua, nimebabaisha mara nyingi.

“Sijui,” akasema. “Sikuwahi kuambiwa. Kaka huyu anajua. Babu yake ndiye alikuwa mwenye tanuru. Mimi ninachokijua chote amenifundisha yeye.” Akaweka dumu chini, akanipisha. “Msikilizeni yeye, kaka yangu anajua kuliko mimi.”

Alisema hivyohivyo, bila kinyongo, akaenda kukaa kwenye jiwe.

Basi nikapata nilichokitaka. Mwalimu akafungua daftari. Wengine wakakaa kwenye nyasi. Nikaanza. Siku ile sikuanza na punda, nilijizuia, nikaanza na udongo. Nikawaambia ulichukuliwa kwenye kichuguu kwa sababu hauna mawe. Nikawaambia tanuru lilipambwa likaimbiwa kama bibi harusi, kwa sababu chuma kilikuwa mtoto wake. Sijawahi kusimulia vizuri namna ile. Upepo ulikuwa umetulia na sauti yangu ilitoka safi.

Mwalimu akainua kalamu. Kabla hajaandika, akamtazama fundi.

Jicho tu. Sidhani hata yeye alijua amelifanya. Fundi, pale kwenye jiwe, akainamisha kichwa kidogo kukubali. Ndipo mwalimu akaandika.

Nikaendelea. Nikawaambia matundu ya chini yalikuwa ya kuvuta hewa, na lile kubwa ndilo mtoto alikotolewa. Wakamtazama fundi. Safari hii watatu. Akakubali kwa kichwa. Wakaandika.

Nikasema jambo ambalo yeye hakuwa na njia ya kulijua, la mikono ya babu yangu mwenyewe, ilivyokuwa na makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Wakamtazama. Naye, maskini, kwa heshima yangu, akakubali.

Hakuwahi kuiona mikono ile. Aliniamini mimi, nao walimwamini yeye, na neno la babu yangu likawa linapita kwake kwanza ndipo liingie daftarini, kama maji yanayochujwa. Wangekuwa wamenidharau ningejua la kufanya. Hawakunidharau. Walinipenda, nadhani. Ila walikuwa wameshaamua ni nani wa kumwamini tangu wakiwa Mbeya, kwa picha moja na mistari minne, na hakuna nililoweza kulisema pale nikiwa mzima, na koti langu, na sauti yangu, likafika mahali ile picha ilipokwisha kufika.

“Na chini ya sakafu, mzee?” mwalimu akauliza. “Palizikwa nini?” Kalamu ilikuwa tayari. Kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kugeuka upande wa jiwe.

Nikasema naona mvua itanyesha. Ilikuwa Julai, haina mvua. Nikapiga makofi kuaga, nikachukua fimbo yangu, nikapita katikati yao.

“Kaka,” fundi akaita. “Kaka, bado hujamaliza.”

Niliendelea kushuka. Nilimsikia akiita mara ya pili, kisha nikasikia nyasi tu. Kiangazi kile kilipita, na vingine vimepita, na wanafunzi huja kweli, nawaona stendi na sweta zao. Baiskeli yangu nampelekea yeye. Lakini kwenye tanuru sijarudi tena.